Siku Niliyosema Niko Kadi na Sikuwa Kadi

Mimi sipiti tena karibu na ukumbi wa Kaloleni siku za Jumamosi. Najua ndiyo njia fupi ya kufika kwetu, lakini nazunguka, mvua inyeshe, jua liwake. Mke wangu alishachoka kuniuliza kwa nini. Leo nitasema, na nitasema yote, maana nimechoka kuzunguka mtaa niliozaliwa kama mwizi wa kuku.

Baba yangu alifanya kazi reli tangu ujana wake mpaka walipompa saa ya ukutani na barua ya shukrani. Alikuja kutoka magharibi na sanduku la bati, akapewa nyumba Kaloleni, akatuzaa humo humo. Alipostaafu, ndugu zake wakamwambia arudi nyumbani akalime. Akawauliza, "Huko nitacheza na nani?" Walidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Kila siku, chakula cha mchana kikishuka tumboni, alikwenda verandani mwa ukumbi, kwenye meza moja ya mbao iliyochubuka rangi. Walikuwa wazee watano, yeye akiwemo. Wanne walikuwa watu wa reli na wa kanso, yaani baraza la jiji, wametoka huku na huku. Wa tano alikuwa mzee kutoka upande wa Murang'a aliyeuza nyama soko la Burma miaka mingi, mkono wake mzito hivi kwamba akitupa karata unadhani anapasua mbavu za ng'ombe. Kwetu tulimwita Mzee wa Bucha. Huyo mshike, tutarudi kwake.

Walicheza kadi, mchezo wetu wa mtaani. Kwa asiyeujua: unagawiwa karata nne, unatupa moja inayofanana na ile iliyo mezani, kwa rangi au kwa namba, na wa kwanza kubaki mikono mitupu ndiye mshindi. Lakini lipo sharti. Ukibakisha moja ya kukumalizia, ni lazima utangaze kwa sauti, "Niko kadi!" kabla zamu haijakurudia. Usipotangaza, huruhusiwi kumaliza. Ukitangaza, wenzako wanajua uko mlangoni, na mwenye karata ya kukulisha anakulisha, yaani unaokota mbili au tatu, unaanza kupanda mlima upya.

Nikiwa mdogo niliona sharti hilo ni ujinga. Nikamuuliza baba, kwa nini umwambie adui kwamba umebakisha moja? Baba akanitazama kama niliyetukana mbele ya pasta. "Kwanza, hao si maadui," akasema. "Pili, ukishinda bila kumwambia mtu, huo ni wizi." Na ole wako utangaze uongo. Mzee mmoja wa kanso aliwahi kusema niko kadi na hakuwa kadi, wakamsimanga mpaka Krismasi.

Halafu sukari ikamla baba mguu. Ilianza na kidonda cha kidole, tukakifunga kitambaa, tukakisahau, na kilipotukumbusha ilikuwa tumechelewa. Wakamkata mguu wa kulia juu ya goti. Baba alikuwa mtu mnene, mzito, na magongo yalimshinda mara ya kwanza, yakamshinda ya pili, mara ya tatu akaanguka jikoni akasema basi. Akakaa kwenye kochi karibu na dirisha. Kutoka pale alisikia wazee wenzake wakibishana ukumbini, na mara nyingine, akisikia meza imegongwa, alisema polepole, "Huyo ni wa bucha, amelishwa."

Wazee walijaribu kumfuata ndani. Walicheza sebuleni wiki mbili, magoti yao yakigongana chini ya meza ya kahawa. Mzee wa Bucha ndiye aliyesema ukweli. "Hapa hakuna upepo, na hakuna watu wa kupita tuwaseme. Tumtafutie huyu mtu kiti cha magurudumu." Wakachanga. Wakachangisha kanisani, wakachangisha kwa mama mboga, kwa fundi wa viatu, hata kwa watu wa mtaa jirani wa Jericho waliomjua baba tangu enzi za gari moshi. Hawakutaka mambo ya simu, walitaka pesa ionekane. Ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, na Mzee wa Bucha akanikabidhi mbele ya baba. Mimi ndiye mwana pekee aliyebaki Nairobi.

"Sasa wewe ndiye mguu wake," akaniambia.

Jumamosi asubuhi nikatoka na bahasha mfukoni mwa ndani, nimeifungia zipu. Baba alikuwa anajinyoa kwenye kile kioo chake kilichopasuka pembeni. "Saa kumi nitakuwa mezani," akasema. "Waambie wajiandae kuokota."

Dukani walikuwa na viti viwili. Cha kwanza kilitoshana na bahasha yangu. Cha pili kilikuwa na magurudumu manene, kiti kipana, mgongo imara. Nikamuuliza mwenye duka tofauti yake. Akanitazama viatu, vilikuwa na matope ya Kaloleni, akasema, "Hicho chembamba ni cha sakafu ya hospitali. Ukimpitisha mzee kwenye mawe, utarudi hapa baada ya mwezi."

Nilijua anasema kweli. Kutoka kwetu hadi ukumbini ni mawe, mitaro na mashimo yenye majina. Nikamwona baba na uzito wake, gurudumu limekunjika, wazee wanamwokota chini kama gunia. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani na kusema, jamani, imepungua, tuongezeeni. Wangeongeza! Mama mboga peke yake angeongeza. Lakini mimi nilikuwa na kiburi. Nilitaka kufika pale saa kumi na kile kiti kinene, wazee waseme, kumbe kijana naye ametoa chake.

Na chake hakikuwepo. Nilichokuwa nacho ni miezi sita ya kucheza poka kwenye simu, usiku mke akiwa amelala, na mara moja ya kwenda kasino na mwenzangu wa kazini, siku niliyotoka na faida ndogo nikajiona bingwa. Mimi ni mtoto wa meza ya Kaloleni, nilijiambia. Karata zinanijua. Pumbavu. Karata hazimjui mtu.

Kasino ilikuwa mjini, si mbali na duka. Ilikuwa mchana wa jua kali, lakini ukiingia ndani hakuna mchana, hakuna dirisha, hakuna saa ukutani. Wakaniletea soda ya bure, na mimi kwa ushamba wangu nikaona nimeheshimiwa. Nikabadilisha nusu ya bahasha kuwa visahani vya plastiki, nikaketi meza ya poka na watu watano. Wa kukumbukwa ni mmoja: mama mtu mzima mwenye miwani, sweta ya kijani, mkoba mapajani kama aliyekuja kungoja zamu ya daktari.

Poka ya kasino si kadi yetu. Unapewa mbili za kuficha, nyingine tano zinafunguliwa katikati polepole, na kila hatua watu wanaweka pesa. Anayeshinda ni mwenye mpango bora, au aliyewatisha wenzake wakakimbia. Huko hodari ni anayejua kuficha. Nilijua hayo yote. Niliyajua kichwani, mdomo wangu ulikuwa bado Kaloleni.

Mkono wa nne hivi, nikapata wafalme wawili. Katikati akatokea wa tatu. Kabla sijajizuia, nikasikia sauti yangu ikisema kwa furaha, "Niko kadi!"

Meza nzima ikacheka. Kijana mmoja aliyevaa kofia akasema, "Wee buda, hapa si mtaani!" Wote wakatupa karata zao. Mkono ambao ungeninunulia lile gurudumu nene ukaniletea visahani vitatu vya kusikitisha.

Nilicheka nao. Kuanzia hapo nikabana midomo, na kubana kwangu kukawa kutangaza kwa namna nyingine. Nikiwa na karata nzuri nilimeza mate. Nikiwa sina kitu nilikaa kimya kabisa kama mtoto aliyevunja kikombe. Wakanisoma. Nilipokuwa kimya walisukuma visahani vyao, nikakimbia. Nilipomeza mate walikimbia wao. Nusu ya kwanza ya bahasha ikaisha hivyo, kidogo kidogo, hata sikuona ni mkono gani ulioila.

Simu ikaita. Ni baba. "Umefika wapi?"

"Niko kwenye foleni, baba. Watu ni wengi."

"Pole pole, kijana wangu. Usikimbilie barabara."

Ningeweza kusimama wakati ule. Nusu ilikuwa bado imo kwenye zipu. Hata kile kiti chembamba kilikuwa kimeshanipita, lakini ningerudi na kitu mkononi na maneno ya kuomba msamaha. Badala yake nilikwenda dirishani nikabadilisha nusu iliyobaki.

Mkono wa mwisho ulikuja na karata mbovu, saba na mbili. Lakini katikati zikafunguka kopa nne. Mwenye kopa ya tano mkononi angekuwa amewamaliza wote, na mimi sikuwa nayo. Ndipo wazo likanijia, na nakumbuka nililifurahia. Watu hawa wananijua. Wamenisikia nikisema lile neno, na nilipolisema lilikuwa kweli, wakakimbia. Basi nitalisema tena.

Nikasukuma kila kitu katikati. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Niko kadi."

Kijana wa kofia akatupa zake. Mwingine akatupa. Yule mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Akasukuma visahani vyake taratibu. Akafunua jozi ya tisa, wala hakuna kopa. Tisa mbili tu, jamani! Zilitosha.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Mimi ni wa Jericho," akasema, bila ubaya wowote. "Kadi nimecheza tangu sijang'oka meno ya utoto. Mtu akiwa kadi kweli hulisema upesi, anaogopa kusahau. Wewe umelifikiria kwanza."

Nilitoka nje, jua likanipiga usoni. Nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, mkono wangu ukipapasa ile zipu kana kwamba pesa zingeweza kurudi zenyewe.

Nilifika saa kumi na nusu. Na hapa ndipo ningependa kuruka, lakini nimeahidi yote. Wazee wote wanne walikuwa mlangoni kwetu. Tangu asubuhi walikuwa wamegongelea mbao, wakatengeneza mteremko kutoka kizingiti chetu hadi chini, ili kiti kishuke bila kumrusha baba. Mzee wa Bucha alikuwa na nyundo mkononi na misumari midomoni. Baba alikuwa ndani kwenye kochi, amevaa koti lake la reli, kofia, na kiatu kimoja kilichong'arishwa mpaka kinakuonyesha uso. Karata zilikuwa zimetuna kwenye mfuko wa koti.

Wakaangalia nyuma yangu. Hakukuwa na kitu.

"Vimeisha dukani," nikasema. "Wataleta Jumatatu."

"Ah, Jumatatu si mbali," Mzee wa Bucha akasema, akatema misumari kiganjani. Wakamtania baba kidogo, kwamba ameokoka kupigwa leo, kisha wakaenda zao. Baba akangoja mpaka sauti zao zikapotea.

"Sema," akaniambia.

Nikapiga magoti, nikasema. Sikuacha kitu: bahasha, kiti kinene, wafalme watatu, yule mama. Nilidhani atanitukana. Nilitamani anitukane. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Ulisema niko kadi?"

"Ndiyo, baba."

"Na hukuwa?"

"Sikuwa."

Akavua kofia, akaiweka juu ya lile goti lililobaki. Nilimwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza maishani, bila sauti, akijifuta kwa kofia ya reli.

Jumapili baada ya kanisa wazee wakaja kuulizia mpango wa Jumatatu. Mimi nilikuwa napitisha chai. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Naapa nilikuwa nimejiandaa, maneno yalikuwa kooni. Baba akanitangulia.

"Kijana msimuulize," akasema, macho yake kwenye saa ya ukutani. "Ile bahasha niliichukua mimi. Nilikuwa na shida zangu. Nimeitumia."

"Ngai!" Mzee wa Bucha akasema. "Wewe?"

"Mimi."

Sinia lilikuwa mikononi mwangu. Vikombe viligongana, hicho tu ndicho nilichofanya, kugonganisha vikombe. Wazee wakanywa chai yao yote, kwa heshima, wakashukuru, wakatoka. Nikasikia miguu yao ikishuka kwenye ule mteremko wa mbao, mmoja mmoja.

"Baba, kwa nini?" nikamuuliza.

"Mimi nimebakisha siku chache za kuona haya," akasema. "Wewe una watoto wa kulea kwenye mtaa huu. Nyamaza."

Nikanyamaza. Alinipa ruhusa, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili kama mtoto anayepewa andazi. Wazee hawakurudi. Si Jumapili iliyofuata, wala nyingine. Baba alikaa dirishani akawasikiliza. Meza ilipogongwa hakusema tena ni nani.

Baada ya miezi mitatu, kwa mshahara wangu na kuuza televisheni, nikanunua kile kiti kinene. Kile kile. Baba alikijaribu, akakizungusha sebuleni, akasema ni kizuri. "Twende ukumbini basi," nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Nitawaangalia vipi?" Kwa hiyo kiti chenye magurudumu ya kupita mawe kilimpeleka kutoka kochi hadi kizingitini, hatua sita za mtu mzima, akakaa juu ya mteremko wao akitazama upande wa ukumbi mpaka jua lizame. Alikaa hivyo miezi saba. Kisha akatuacha.

Kwenye ibada ya mwisho Mzee wa Bucha alisimama kusema kwa niaba ya wenzake. Hakusema mengi. "Sisi wa meza moja hatuna neno na marehemu. Kama yupo mwenye neno, hapa ndipo pa kulisema." Akatuangalia sote. Nilidhani anatuangalia sote. Nikainamisha kichwa kama wengine, tukaimba.

Wazee wawili wakarudi makwao. Mmoja akafa. Mwaka jana, Jumamosi moja, nikapita ukumbini nikamkuta Mzee wa Bucha peke yake kwenye ile meza, anajigawia karata na kucheza pande zote mbili. Akaniita. Nikaketi kwenye benchi ng'ambo yake. Akanigawia nne. Tulicheza, na nilipobakisha moja nikafungua mdomo kutangaza, lakini kilichotoka kilikuwa kile kingine. Nikamwambia bahasha niliila mimi. Nikamwambia kasino. Nikamwambia baba alidanganya kwa ajili yangu.

Hakuinua hata macho kutoka kwenye karata zake.

"Tulijua," akasema. "Tulijua siku ile ile, hata chai haijapoa. Babako hakujua kudanganya. Alikuwa anaiambia saa."

"Basi mbona hamkurudi?" Nilipaza sauti, watu wakageuka. "Amekaa pale mlangoni miezi na miezi, anawangoja!"

"Tungerudi angelazimika kuusema ule uongo tena, kila siku, mbele yetu. Mtu kama yule? Tukasema hapana, tumwachie heshima yake. Kijana atakuja aseme mwenyewe, halafu tutakwenda tumchukue." Akazikusanya karata zote, zake na zangu, akazigonga mezani zikae sawa. "Tulikungoja sana, kijana wangu. Tulivuta benchi upande, tukaacha nafasi ya kiti chake, asihangaike akija. Ilibaki wazi mpaka alipokufa, ndipo tukarudisha benchi. Ni hapo ulipokaa."

Niliinuka haraka, kana kwamba nimemkalia mtu.